Mnyororo Haupiti Ndani ya Nguzo

Ujerumani,
Jumapili, mchana.

Kaka Mwita,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa adabu, maana nikishaanza kukugombeza ninaweza kusahau.

Mama anaendeleaje na goti lake? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaitumia, au ameshaigawa kwa majirani kama alivyoigawa ya kwanza? Wifi yangu Bhoke amejifungua salama? Na mtoto mmempa jina gani, maana mdogo wetu Nyangi aliniandikia kwamba ni wa kike, halafu akakaa kimya kama vile nimeshajua yote. Na wale tembo, mwaka huu wamerudi kwenye mahindi ya kule chini karibu na mto, au wamewahurumia? Nijibu moja moja, usiniandikie tu kwamba "huku wote wazima." Ulishaniandikia hivyo siku ambayo Mama alikuwa amelazwa, sijasahau.

Mimi mwili hauna neno. Baridi imepungua, miti imetoa majani, na lile koti kubwa ulilosema linanifanya nionekane kama gunia la mkaa nimelitundika. Ugali napika mwenyewe kwa unga wa duka la Wahindi. Maziwa ya huku ni maji yaliyopakwa rangi, lakini tumezoea.

Barua hii ataibeba Robi, yule rafiki yangu Mkurya wa upande wa Kenya, wa Kehancha. Anakwenda kwao likizo, ataiacha Sirari kwa binamu yetu mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Nimeiandika kwa mkono, wala sikuipiga kwenye simu, kwa sababu nataka uisome umekaa. Mara ya mwisho tulipozungumza ulinipa sentensi moja: "Ghati, hiyo maneno achana nayo. Achana na huyo mtu, maliza kilichokupeleka, urudi nyumbani." Halafu mtandao wa Nyanungu ukakusaidia, ukakatika kabla sijakujibu. Basi jibu langu ni hili, na hili halikatiki.

Sikuachana naye.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, maana kwenye simu nilikuwa nalia na najua hukuelewa hata nusu. Mama huwaambia watu kanisani kwamba binti yake anatengeneza kompyuta. Sitengenezi. Chukua lile dumu la njano mnalowekea maziwa. Ungekuwa na jicho la kuona vitu vidogo kupita kiasi, ungekuta dumu lote ni minyororo, mirefu na myembamba, kila mmoja kama uzi wa shanga, imelaliana na kupishana. Na haitulii. Joto linaitikisa saa zote. Kazi yangu ni kuuliza swali moja tu: mnyororo mmoja ukiwa katikati ya vizuizi visivyosogea, unatokaje hapo ulipo, na unachukua muda gani? Kwa kuwa hauonekani kwa macho, tunautengeneza ndani ya kompyuta. Tunaunga shanga mia au mia mbili, tunasimamisha nguzo pande zote, halafu programu inausogeza mnyororo kidogo kidogo, nasi tunautazama.

Wewe jibu unalijua tangu utoto. Unamkumbuka yule mbuzi tuliyemfunga kamba ndefu kwenye shamba jipya, kabla visiki havijang'olewa? Jioni kamba ilikuwa imezunguka visiki vyote. Mimi nikashika katikati nikavuta mpaka viganja vikachubuka, nikalia. Wewe ukanicheka, ukaenda kwenye ncha, ukamfungua mbuzi, ukaichomoa kamba kwa njia ileile iliyoingilia. Mnyororo nao ndivyo unavyotoka. Kwenda ubavuni hauwezi, nguzo zinauzuia. Unatambaa kwa ncha zake, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka uiache njia yake ya zamani. Na ukiurefusha mara mbili, hauchelewi mara mbili tu, unachelewa karibu mara nane. Ndiyo maana plastiki iliyoyeyuka inamwagika kwa uvivu vile.

Sasa sikiliza, maana kosa lote liko hapa. Kompyuta haioni mwendo kama sisi. Inapiga hatua. Inauliza shanga iko wapi sasa, halafu inaruka hadi sekunde ndogo inayofuata, inauliza tena. Hatua ikiwa fupi, shanga inafika kwenye nguzo, inagonga, inarudi. Hatua ikiwa ndefu, shanga inaweza kuwa upande huu wa nguzo kwenye picha ya kwanza, na upande wa pili kwenye picha inayofuata, na kompyuta isijue kwamba imepita ndani ya nguzo. Haikugonga kitu. Kwake hapakuwa na kitu. Hapo mnyororo unaanza kukimbia kama mtu aliyepewa funguo za kila nyumba, na jibu unalopata ni uongo mtupu uliochorwa vizuri.

Hilo niliwahi kuligundua mwenyewe kwa kuumia. Nilipoteza wiki mbili. Baada ya hapo nikaweka hatua fupi, nikakubali programu yangu ichukue wiki nzima mahali ambapo za wengine zinachukua siku moja. Na ndani ya faili, palepale kwenye mstari wa hatua, nikajiandikia onyo. Kila mtu wa kazi hii hujiachia maneno ndani ya programu yake ili asije akasahau alichofanya. Wenzangu wanaandika kwa Kiingereza. Mimi nikiwa peke yangu na hasira zangu naandika kwa Kiswahili, na nikikasirika sana naongeza neno la Kikurya ambalo Mama asingependa kulisikia.

Huyu mtu anaitwa Tobias. Meza yake na yangu zinatazamana. Mwaka wa kwanza tulikula pamoja, nikampikia hata dagaa, akala akasifu. Basi mwaka huu Profesa wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka hovyo lakini wa haki, akatuambia kwamba mradi umebakiwa na nafasi moja tu ya mwaka wa mwisho. Sisi tuko wawili. Ambaye kazi yake ingesimama kwenye kikao cha mwezi wa tano angebaki amalize shahada yake. Mwingine angefunga mizigo. Tobias angefunga mizigo aende kwa wazazi wake, saa mbili kwa treni. Mimi ningefunga mizigo nirudi Nyanungu bila cheti, baada ya miaka mitatu, na ruhusa yangu ya kukaa nchi hii ingekufa siku hiyohiyo. Ulipokuwa unaniambia niachane naye, kaka, hicho ndicho ulichokuwa unaniambia niachane nacho.

Kazi yake ilikuwa imekwama. Tangu Krismasi hakuwa na kitu mkononi. Siku moja akasimama nyuma ya kiti changu akatazama skrini, akasema, "Programu yako inatembea kama bibi kizee." Nikamwambia ina sababu yake. Kabla sijafungua mdomo kuitaja sababu, alishaondoka. Hakutaka sababu, alitaka programu.

Akaichukua. Mafaili yetu yanakaa kwenye kompyuta moja kubwa ya pamoja, na si siri, mtu anaweza kufungua la mwenzake akasoma. Lakini kuna kusoma na kuna kubeba. Yeye alibeba yote, akabadilisha jina la juu, akaniandikia chini kabisa kwamba nilisaidia "mambo ya kompyuta." Nilijuaje? Nilikwenda kwenye printa kuchukua karatasi zangu nikakuta zake. Ukurasa wa kwanza: kichwa kikubwa kwamba minyororo mirefu kati ya vizuizi inatoka haraka kuliko watu wote walivyoamini. Jina moja. Lake. Nikasimama pale na zile karatasi zikiwa bado za moto, nikahisi damu inapanda mpaka masikioni.

Halafu nikaitazama ile michoro, na hasira ikageuka kitu kingine. Maana nilijua kwa nini minyororo yake inakwenda haraka. Alikuwa amerefusha hatua ili bibi kizee akimbie. Ile haikuwa habari mpya ya dunia. Ilikuwa minyororo inayopita ndani ya nguzo.

Nikazirudisha karatasi kwenye printa, nikazinyoosha kingo vizuri. Nikarudi kukaa.

Robi nilipomweleza alitaka kwenda kumtoa Tobias mlangoni kwake. "Wewe Ghati, sasa unanyamaza ya nini? Huyo jamaa si amekuibia mchana peupe? Enda kwa Profesa saa hii, umshtaki!"

Nikamwambia nikienda leo, Profesa atamwita, atamwonyesha kosa, yeye atalirekebisha, na siku ya kikao atasimama na programu yangu ikiwa safi. Nitakuwa nimemsaidia kuniibia vizuri.

"Kwa hivyo unangoja nini?"

"Namngoja asimame mbele ya watu."

Robi akaguna. "Ai, nyinyi wa Tarime mko na roho mbaya." Lakini alikuwa anacheka, na wao wa ng'ambo ya mpaka hawatuzidi kwa upole.

Nikangoja wiki tatu. Kaka, wewe unanijua, mimi ni mtu wa kupasuka palepale, lakini wiki tatu hizo nilikaa kama jiwe. Nilimtazama akipamba michoro yake. Alibadilisha rangi mara nne. Akanunua shati jipya. Nilikuwa namwitikia salamu vizuri kuliko zamani. Nilipiga simu ile nikilia, ndiyo, lakini nilikuwa nalia kwa sababu kukaa kimya kulikuwa kunaniuma, si kwa sababu nilitaka mtu aniambie nisamehe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo nilitaka niusikie kwa masikio yangu.

Siku nne kabla ya kikao akaja mezani kwangu. Nadhani usingizi ulikuwa umeanza kumkataa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ghati, ile programu, kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?"

Angalia alivyouliza. Hakusema "programu yako." Hakusema "nimeichukua." Angesema hayo mawili, sijui, huenda moyo wangu ungelainika. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Yote ninayoyajua nimeyaandika humo ndani."

Na ni kweli, niliyaandika. Akanishukuru, akaenda zake.

Kikao kilikuwa Jumatano asubuhi. Sisi wa kundi letu, Profesa, na wageni watatu kutoka vyuo vingine, jumla watu kama kumi na watano kwenye chumba chenye joto. Mimi nilieleza yangu kwanza. Kazi yangu ilikuwa sahihi na haikumshangaza mtu, kama ilivyo kazi nyingi za haki. Wakapiga makofi ya heshima. Kisha akasimama Tobias na shati lake. Anajua kuongea, sitamnyima hilo. Ule mchoro wake ulipotokea ukutani wageni walisogea mbele kwenye viti. Mmoja akaanza kuandika mbiombio. Profesa alikuwa amekunja uso, lakini ule uso wa mtu anayeanza kuamini.

Alipomaliza wakauliza maswali madogo. Mimi nikanyoosha mkono.

"Naomba kuuona mnyororo mmoja," nikasema.

"Upi?"

"Wowote."

Akatabasamu, akafungua filamu. Mnyororo ukacheza ukutani kati ya nguzo, ukijipinda, mzuri kweli, na watu wakautazama kama wanavyotazama samaki kwenye kioo. Nikamwomba apunguze mwendo. Akapunguza. Nikamwomba tena asimamishe kabisa, twende picha kwa picha.

Hapa ndipo ujue kwamba wewe ndiye uliyenifundisha. Ulipokwenda na wanaume kufuata ng'ombe walioibwa kwa baba mkubwa, mlitembea siku mbili mmeinama, na uliporudi ulitueleza tukiwa tunakula. Ulisema hamkuwa mnamtafuta mwizi. Mlikuwa mnafuata kwato tu. Kwato zikiingia kwenye kijiji cha watu, mnawaita wenyewe, mnawaonyesha zilipoingia, nao kazi yao ni kuwaonyesha zilipotokea. Wakiwaonyesha, mnaendelea na safari bila ugomvi. Wasipoweza, basi ng'ombe ni juu yao, hata waapeje. Na ulisema kitu kimoja kilichonikaa: msiruke hata kwato moja, maana mahali mtakaporuka ndipo watakapoponea.

Nikainuka nikaenda mpaka ukutani. Nikaweka kidole juu ya shanga moja karibu na katikati ya mnyororo. "Tuifuate hii. Sasa iko kushoto kwa nguzo. Tunakubaliana?"

"Ndiyo," akasema Tobias.

"Picha inayofuata. Iko wapi?"

"Kushoto."

"Inayofuata."

"Kushoto bado."

"Inayofuata."

Shanga ilikuwa kulia, na jirani zake wawili wa mnyororo, mmoja huku na mmoja kule, na ile nguzo imesimama katikati yao kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu.

"Imepitia wapi?" nikamuuliza.

"Labda... kwa juu," akasema.

"Nguzo zako hazina juu. Zinaanzia sakafuni mpaka darini. Nionyeshe ilipotokea."

Kaka, laiti ungekuwepo. Uso wake ulianza kwa wekundu ukaishia kwenye rangi ya uji. Akarudisha picha nyuma, akapeleka mbele, akarudisha. Shanga ikapita ndani ya nguzo, ikarudi, ikapita tena, mara nne, mara tano, mbele ya wageni wenye kalamu. Yule aliyekuwa anaandika mbiombio akafunga daftari. Siku za mwizi arobaini, mimi nilizihesabu ishirini na moja tu.

Profesa akaniuliza nilijuaje. Nikaomba kompyuta, nikafungua faili langu la kwanza, lile lenyewe, na mstari wa onyo ukatokea ukutani kwa herufi kubwa. Akauliza, "Hapa pameandikwa nini?" Nikawatafsiria:

USIREFUSHE HATUA HAPA. Shanga zitapita ndani ya nguzo na jibu litakuwa uongo. Nimeona kwa macho yangu.

Neno la Kikurya nililiruka.

"Hayo maneno yalikuwa kwenye faili ulilotumia?" Profesa akamgeukia Tobias.

Akasema, na hili nitalikumbuka hata nikizeeka, "Nilidhani ni takataka. Niliyafuta."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine wakafuata. Yeye akasimama pale mpaka kicheko kikaisha chenyewe, kisha akakaa. Na mimi nikakaa. Nilifurahi, kaka. Sitakudanganya eti kwa sababu barua itasomwa mbele ya Mama. Miaka mitatu nimeambiwa napenda kutembea taratibu, miaka mitatu nimeulizwa kama kwetu kuna umeme, na siku ile maneno ya Kiswahili yalikuwa ukutani makubwa kuliko mtu, na yalikuwa kweli tupu.

Kesho yake Profesa akaniita. Nafasi ni yangu. Nitamaliza. Nilidhani angenipa mkono, akanipa swali.

"Alikuja kukuuliza kabla ya kikao?"

"Alikuja."

"Ukamjibu nini?"

Nikamweleza nilivyomjibu.

"Yameandikwa," akasema. "Kwa lugha ambayo katika jengo hili anaisoma nani?"

"Aliyebeba faili langu bila kuniuliza," nikamwambia, "angeniuliza na lugha yangu." Profesa hakusema nimekosea. Akasema tu niandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza, unaoeleza kosa lile na namna ya kulikwepa, niutume kwa watu wote wanaotumia programu ile. Nikasema sawa.

Jumamosi Robi na mimi tulipika ugali na kuku mzima. Tulikula tukiigiza. Robi akawa Tobias, akanunisha uso, "Labda kwa juu!" na mimi nikawa mimi. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake. Tobias amekwishaondoa vitu vyake. Meza iliyo mbele yangu ni tupu na naipenda hivyo. Wewe ulitaka nimwache. Nimemwacha sasa, baada ya kummaliza. Dawa ya moto ni moto, na kama umekunja uso hapo ulipo, ukunjue, kwa sababu wewe mwenyewe hujawahi kurudi nusu ya njia ukiwa umeshika kwato.

Basi msalimie sana Mama, mwambie nimebaki masomoni na nitakuja Desemba ya mwakani nikiwa nimemaliza, Mungu akipenda. Na goti lile asipige magoti bustanini. Msalimie wifi Bhoke, na huyo mgeni mdogo ambaye jina lake mnanificha. Nyangi wa Robanda mwambie dada yake hajamsusa. Aniambie kama bado anafua mashuka kule kwenye kambi ya watalii au mumewe Mwikoma amemruhusu afungue ile saluni. Shangazi wa Itiryo mwamkie kwa mikono miwili, mwambie ulezi alionipa niliufikisha salama na uji wake uliniponya mafua. Baba mkubwa msalimie na ng'ombe wake.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeshaandika jina langu kwenye bahasha. Lakini Robi amesema atachelewa kuichukua, na nimeisoma upya nikaona imebakiza jambo moja, na wewe si mtu wa kuonyeshwa kwato nusu.

Ule ukurasa nilioambiwa niandike niliutuma Jumatatu. Jumanne nikapata barua pepe kutoka kwa dada mmoja aliyeko Ureno. Simjui uso. Yeye naye ni mwanafunzi kama mimi, yuko mbali na kwao, mradi wake unaisha mwezi ujao. Tobias alikuwa amempa programu ile, pamoja na hatua yake ndefu, na maneno yangu yakiwa yameshafutwa. Ameiendesha wiki tatu zilezile nilizokuwa nimekaa kama jiwe. Hesabu zake zote ni minyororo inayopita ndani ya nguzo. Hana muda wa kuanza upya.

Utaniuliza kama nilijua. Nilimsikia Tobias akijisifu kwenye simu kwamba ameigawa programu hadi Ureno. Nilimsikia vizuri, meza zetu zinatazamana. Nikajisemea moyoni, vizuri, aongeze kuni. Nilikuwa namtazama mtu mmoja tu.

Hakunitukana. Ameandika kwa adabu, ameanza kwa kunishukuru kwa maelezo. Ameona tarehe ya onyo langu la kwanza, maana niliinakili kwenye ukurasa ule, na tarehe niliyoutuma. Chini ameuliza mstari mmoja: kama nililijua kosa muda wote huo, kwa nini sikuwaambia watu?

Kwa Tobias nina majibu kumi, na yote nimekupa humu, na hata moja siliondoi. Leo ni siku ya sita. Kila asubuhi nafungua barua ya huyu dada, naanza kumwandikia kuhusu Tobias, nasoma nilichoandika, nafuta. Yeye hakunichukulia kitu.

Mdogo wako,
Ghati